Wanaotangulia Kuuliza

Kamembe ni mji wa mpakani nchini Rwanda. Ng'ambo ya mto Rusizi kuna Bukavu, nchini Kongo, na akina mama huvuka na mboga, samaki na unga, kwenda na kurudi. Maradhi nayo huvuka. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 ilifika Kivu Kusini, mkoa wenye Bukavu, mwaka uliofuata. Ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200.

Mahali kama hapa, kabla mpango wa afya haujabuniwa, wadodosaji hutangulia. Humngoja mchuuzi amalize kuuza, maana nyanya zake haziwezi kuachwa juani. Humweleza kwamba ana haki ya kukataa. Swali lililotungwa ofisini hulijaribu kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, kwa Kimashi. Likieleweka visivyo, huandikwa upya. Hutazama watu wananawa wapi, maji yanatoka wapi, nani nyumbani anashika pesa ya kumpeleka mtoto kliniki. Usiku husikiliza kinasa sauti na kuandika neno kwa neno, na saa moja ya mazungumzo hula saa kadhaa za kazi. Hata bango la afya huonyeshwa kwanza kwa watu wachache, wakaulizwa wanaona nini, ndipo lichapwe.

Ndiyo maana chanjo huja saa ambayo mama yupo, na ndoo ya kunawia huwekwa anapopita. Sifa huenda kwa mpango. Jina la mdodosaji halitajwi. Kuuliza si ujinga, na sisi tunaopona tuna deni kwa walioanza kwa kuuliza.