Rangi Nyuma ya Kioo

Kiswahili hakipendi kuiacha rangi itembee peke yake. Kijani ni ya majani, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu, na mwenye kutaka kahawia hana budi kupitia kwenye kahawa. Mwaka 1911, mjini Munich, kusini mwa Ujerumani, wachoraji wachache walijaribu kinyume chake: kuitenga rangi na kitu, waone kama itasimama kwa miguu yake. Walijiita Der Blaue Reiter, yaani Mpandafarasi wa Buluu, na vinara wao walikuwa Wassily Kandinsky, Mrusi aliyehamia huko mwaka 1896, na Franz Marc, mzaliwa wa Munich.

Kisa chao husimuliwa zaidi kwa vitabu na nadharia. Lakini mikono ilitangulia.

Chini ya milima ya Alps upo mji mdogo wa Murnau, ambako mwaka 1909 mchoraji Gabriele Münter alinunua nyumba akaishi na Kandinsky. Wenyeji wakaibandika jina: nyumba ya Warusi. Huko Münter alikutana na picha za watakatifu zilizochorwa nyuma ya kioo, sanaa ya mafundi wa vijijini ambayo wasomi wa mjini hawakuihesabu. Alijifunza ufundi huo kwa Heinrich Rambold, fundi wa hapohapo Murnau, akianza kwa kuzinakili.

Fundi wa kioo huanzia pale mchoraji wa turubai anapomalizia. Nukta ya mwanga machoni, mkunjo wa vazi na mstari mweusi wa ukingoni hutangulia. Mapande mapana ya rangi hufuata. Mandhari ya nyuma huja mwisho kabisa. Kisha kioo hugeuzwa, na kilichokuwa kulia kikawa kushoto. Kosa la mwanzo halifunikiki, maana ndilo litakalotazamana na mteja. Kazi ya namna hii haina subira na vivuli vya kupapasa: inataka rangi safi, iliyozungushiwa ukuta wake. Tazama mandhari alizochora Münter miaka ile. Mlima ni pande moja la buluu, paa ni pande jekundu, na kati yao mstari mweusi mnene. Hajafika kwenye udhahania, ila mlango ameshaufungua, na Kandinsky, ambaye naye alichora juu ya vioo, akaupita.

Marc aliingia kwa njia nyingine. Desemba 1910 alimwandikia barua rafiki yake August Macke, akizigawia rangi tabia: buluu ni ya kiume na ya kiroho, manjano ni ya kike na yenye furaha, nyekundu ni maada nzito. Mgawanyo huo wa kiume na kike leo unachekesha kidogo. Hata hivyo, ulimpa ruhusa ya kuwapaka farasi buluu bila kumwomba farasi radhi.

Na anayedhani kwamba kuacha vitu ni kurahisisha kazi, aangalie Komposition VII ya Kandinsky. Turubai lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Kandinsky alilimaliza kwa siku chache mwishoni mwa Novemba 1913, huku Münter akipiga picha za hatua zake. Lakini nyuma ya siku hizo kulikuwa na michoro na majaribio zaidi ya 30. Kinachoonekana kama kimbunga kilikuwa kimefanyiwa mazoezi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikawasambaza. Kandinsky, raia wa nchi adui, aliondoka Ujerumani Agosti 1914. Macke aliuawa Septemba mwaka huohuo, Marc akauawa karibu na Verdun, Ufaransa, Machi 1916. Münter ndiye aliyezihifadhi kazi za wenzake: zama za Wanazi alizificha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake Murnau, na mwaka 1957, akitimiza miaka 80, akazikabidhi kwa jumba la Lenbachhaus mjini Munich.

Turubai moja la Marc halikusalimika. Tierschicksale, yaani Hatima za Wanyama, la mwaka 1913, liliungua ghalani baada ya kifo chake, na thuluthi ya kulia ikaharibika. Rafiki yake Paul Klee ndiye aliyelikarabati. Alifuata maumbo ya Marc, pembe kwa pembe, ila hakurudisha mng'ao: upande ule aliuacha katika utando wa kahawia. Leo turubai liko Basel, Uswisi, na jeraha linaonekana hata kwa mbali. Mistari ya Marc inavuka mpaka huo na kuendelea hadi ukingoni. Buluu, kijani na nyekundu zinaishia upande wa kushoto.