Uhakiki wa Upanuzi wa Lugha ya Occam: Kigezo cha Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Occam, lugha ya kuprogramu iliyobuniwa na David May katika kampuni ya Inmos ya Uingereza mwaka 1983, ilijengwa juu ya nadharia ya C. A. R. Hoare ya mwaka 1978. Michakato inayoendeshwa sambamba haichangii data, bali hupashana habari kwa chaneli. Mtumaji na mpokeaji sharti wakutane. Anayetangulia humsubiri mwenzake. Mtandao wote wa michakato hujulikana kabla ya programu kuanza kutekelezwa, na ukali huo ndio uliokuwa uimara wa lugha hii.

Occam-pi, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Kent, iliulegeza ukali huo kwa kuazima dhana ya uhamaji kutoka kwa Robin Milner na wenzake. Ncha ya chaneli sasa yaweza kutumwa kupitia chaneli nyingine. Kwa programu ya kufuatilia mizigo katika Ziwa Nyasa, upanuzi huu unafaa: boti inayotoka Lituhi kwenda Liuli, kisha Mbamba Bay, hubadilisha bandari ya kuwasiliana nayo, na programu hubadilika pamoja nayo. Aidha, anayeikabidhi ncha huipoteza, isipokuwa imetangazwa kuwa ya pamoja. Hivyo mgongano wa umiliki huzuiwa na lugha yenyewe.

Udhaifu hujitokeza milimani. Ichukuliwe programu ambamo karani wa mizani wa chama cha msingi huko Umatengo hutuma uzito wa kahawa mbivu kwenye daftari kuu mjini Mbinga. Mtandao wa simu ukikatika, mpokeaji anaweza kuchoka kusubiri, kwani occam humruhusu kuchagua kati ya chaneli na saa. Mtumaji hana haki hiyo: akishaanza kutuma, hawezi kughairi. Mizani husimama na foleni hurefuka, ilhali kahawa mbivu haihimili kulala bila kumenywa. Uhamaji wa chaneli hauondoi kasoro hii, kwa sababu kuhama kwa kiungo na kufa kwa kiungo ni mambo mawili tofauti. Wafuasi wa occam hujibu kwamba mchakato wa akiba uwekwe katikati. Jibu hilo ni sahihi, lakini linambebesha mwandishi wa programu mzigo uliopaswa kubebwa na lugha.

Erlang, iliyoanzishwa na Joe Armstrong na wenzake katika kampuni ya Ericsson, ilichagua njia nyingine: mtumaji hasubiri, na mchakato huweza kuarifiwa mwenzake anapokufa. Gharama yake si ndogo, maana ujumbe usiosomwa hulundikana hadi kumbukumbu ijae.

Upanuzi unaostahili kupewa uzito zaidi, basi, ni wa kumpa mtumaji haki ya kuchagua na kughairi. Ugumu wake ni wa kweli: pande zote mbili zikichagua kwa wakati mmoja, makubaliano huhitaji hatua za ziada katika kila mawasiliano, hata pale ambapo mtandao ni mzima.