Sasisha Sasa, au Baadaye

Kwa kawaida nikiandika hapa huwa nahakiki kitabu. Leo nahakiki maandishi mafupi kuliko shairi la beti mbili, ambayo bila shaka nawe umeyasoma, pengine jana tu. Yalijitokeza kwenye simu yangu Alhamisi moja baada ya Isha. Maana yake ilikuwa hivi: kuna sasisho jipya la mfumo, litaifanya simu yako iwe salama na nyepesi zaidi. Chini yake vitufe viwili: "Sasisha sasa" na "Baadaye".

Simu yenyewe niliinunua 2019. Kioo kina ufa pembeni na betri imechoka, lakini tulikuwa tumezoeana. Nikabonyeza "Baadaye". Kesho yake ikaniuliza tena, nikabonyeza "Baadaye" tena. Tukaenda hivyo wiki tatu. Kisha usiku mmoja nikaiacha kwenye chaji nikalala, na alfajiri nikaikuta ina sura nyingine. Imeniandikia: "Simu yako imesasishwa."

Hebu tuyasome maandishi haya kama tunavyosoma maandishi mengine.

Tuanze na "Baadaye". Sisi watu wa pwani twalijua neno hili vizuri. Mtu akikualika mahali usipotaka kwenda, humwambii hapana usoni. Wamwambia "baadaye, inshallah", naye aelewa na yaishia hapo. Baadaye yetu ni hapana iliyovaa kanzu. Baadaye ya simu ni kinyume chake: ni ndiyo ambayo haijafika zamu yake. Kitufe cha "Sitaki" hakikuwepo tangu mwanzo, na mimi wiki tatu nzima nilidhani nakataa kumbe napanga foleni.

Tuje kwenye "imesasishwa". Wanafunzi wa sarufi wanajua kazi ya ile -w- ya kutendwa: inamruhusu mtenda aondoke kwenye sentensi. Gilasi imevunjwa. Pesa zimetumiwa. Simu imesasishwa. Na nani? Hakuna anayetajwa. Mwenye simu anatajwa mara moja tu, kwenye "yako", na hapo anatajwa kama mmiliki wa kitu ambacho hakuulizwa habari zake.

Halafu neno lenyewe, sasisha. Nalipenda, nikiri. Limetokana na "sasa" na kiambishi cha kusababisha, kwa hiyo kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Ni neno lililoundwa kwa akili. Lakini ukilitazama vizuri unajiuliza: sasa ya nani? Kwa simu iliyotoka kiwandani mwaka huu, sasa hiyo ni yake. Simu yangu ilikuwa na sasa yake ya 2019, na ilikuwa ikiitumikia kwa uaminifu. Baada ya kusasishwa, chaji iliyokuwa ikinifikisha Isha sasa inakata Adhuhuri. Nikifungua picha, naingoja kama ninayengoja feri ya Likoni. Kidole gumba kinakwenda penye daftari langu la maandishi kwa mazoea na kufungua kitu kingine kabisa.

Haya si manung'uniko ya mtu mmoja mwenye simu kuukuu. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, kwa maelezo kwamba inazizuia zisizime ghafla. Februari 2020 ikakubali kulipa faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa. Kinachonivutia kama msomaji ni kosa lenyewe: wateja hawakuarifiwa kwamba sasisho lingeweza kupunguza kasi ya simu zao. Yaani lilikuwa kosa la maandishi. Kuna sentensi iliyopaswa kuwepo, na haikuandikwa.

Lakini kasi na betri ningezivumilia. Kilichoniuma ni kibodi.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika maneno ya nyanya yangu katika simu hii. Yeye ni wa Mji wa Kale, Mombasa, na asema Kimvita ambacho mimi mwenyewe nakielewa kuliko ninavyokisema. Kwake yeye macho ni mato, mchele ni mtele, nchi ni nti, njia ni ndia, na kucheka ni kuteka. Mwanzoni kibodi ilinisumbua. Polepole ikanizoea. Ikafika mahali nikiandika herufi mbili tu inaniletea neno zima la nyanya, na siku ya kwanza ilipofanya hivyo nilimwonyesha, akateka mpaka akakohoa.

Baada ya sasisho kumbukumbu hiyo yote ilifutika. Nikiandika "ndia", inaweka "India". Nikiandika "mtele", inaweka "mchele". Nikiandika "mato", inaweka "moto", na kwa wepesi wangu nikatuma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba nyanya anaumwa na moto. Binamu wawili wakapiga simu wakihema.

Nilipomweleza nyanya kisa chote, hakuonekana kushangaa.

"Kwani simu nayo imesomeshwa?" akaniuliza.

"Vipi, nyanya?"

"Mwalimu wetu naye alikuwa hivyo hivyo. Ukisema ndia, akupiga rula. Sema njia."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimekuwa nikisoma toleo la pili la kisa cha zamani. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliyosimamia vitabu na tahajia. Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, lugha iliyojaa katika kamusi ya Krapf ya 1882, ikaamka asubuhi ikaambiwa ni lahaja. Lugha imesanifishwa. Na nani? Ile -w- tena.

Sitaki kuonea upande mmoja. Bila Kiswahili sanifu, mimi wa Mombasa nisingekuwa naandika hapa nikasomwa na mtu wa Mwanza au Bukavu bila mkalimani, na nusu ya vitabu nilivyovipenda visingenifikia. Vivyo hivyo sasisho la simu si hila tupu. Huziba mianya ya usalama ambayo wezi wa mtandaoni huingilia. Na anayekataa daima naye hulipa: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu zenye Android ya chini ya toleo la 5.0. Katika nchi ambako harusi, misiba na vikao vya shule vyote vimo kwenye WhatsApp, kubaki na sasa yako mwenyewe ni kuhama mji.

Hoja yangu basi si kwamba mambo yabaki yalivyo. Ni kwamba kuna namna mbili za kuleta jipya, na fasihi yetu inazijua zote mbili.

Kwenye rafu yangu ipo Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972, yakachapishwa 1973. Ni ya Kimvita, miongo minne baada ya kamati kuanza kazi yake. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, na wasomaji wa Kiswahili sanifu wakajifunza kukisoma kama kilivyo. Kitokee toleo jipya kesho, lenye tahajia nyingine na utangulizi mwingine, sawa, nitalinunua. Lakini hakuna mchapishaji atakayeingia chumbani mwangu usiku akabadilisha nakala niliyonayo. Hilo ndilo tofauti ya toleo na sasisho. Toleo jipya linakaa kando ya la zamani, nami nachagua. Sasisho linakaa juu yake.

Mfano wa pili ni Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu, ambaye hatukosi kumtaja kila tukisema "runinga". Yeye alitaka Kiswahili kiwe na maneno ya vyombo vipya kama walivyotaka wanakamati. Tofauti ni kwamba alikwenda kuyachimba katika lahaja na katika kauli za mabaharia na wazee wa pwani. Jipya lake lilikuwa likimhitaji mtu kama nyanya. Nadhani wanaotafsiri simu zetu wangeweza kujifunza hapo, na si kwa maneno tu. Wangeweza kuandika sentensi zenye mtenda: "Tumebadilisha kibodi yako. Maneno uliyoifundisha yatapotea. Unataka?" Ni sentensi tatu fupi, na yeyote angezielewa.

Nilimpelekea simu fundi mmoja wa Mwembe Tayari nikimwomba airudishe ilivyokuwa. Akaitazama, akanitazama, akaniambia inawezekana lakini data yote itakwenda, na pengine simu nayo. Nikaichukua nikarudi nyumbani.

Sasa nimezoea, kama anavyozoea mtu aliyehamishiwa chumba. Kidole gumba kimejifunza njia mpya. Nimezima ile kazi ya kusahihisha kiotomatiki, na nimegundua kwenye mipangilio kwamba kuna mahali pa kuweka kamusi ya mtu binafsi. Kwa hiyo jioni, kabla ya betri kukata, naketi na nyanya nikiingiza maneno upya, moja moja. Safari hii nayaandika kwanza kwenye daftari la shule la kurasa 96, kwa kalamu, kisha kwenye simu.

Jana tulifika herufi N. Nikaandika "ndia" nikahifadhi. Nyanya akaniomba simu, akaisogeza karibu na mato yake, akasoma.

"Na nti umeitia?" akauliza.

Nilikuwa sijaitia.