Kufuli Zilizobadilishwa: Jinsi Mpunga wa Komboka Ulivyokingwa

Mwaka 2019, katika mashamba ya umwagiliaji ya Dakawa, mkoani Morogoro, mpunga ulionekana ukikauka majani kuanzia nchani, rangi ya manjano ikiteremka kwenye kingo za jani mpaka lote likawa kijivu kama makapi. Ugonjwa huo si mgeni Afrika. Bakteria anayeuleta, Xanthomonas oryzae, anajulikana siku nyingi Afrika Magharibi. Kilichowashtua watafiti ni vinasaba vya bakteria wa Dakawa: havikufanana na vya ndugu zao wa Afrika, vilifanana na vya bakteria wa kusini mwa China. Mchele umesafirishwa baharini miaka nenda rudi, lakini makundi ya Asia na ya Afrika yalikuwa hayajawahi kuonekana yakichanganyika. Sasa la Asia lilikuwa limeshatia mguu Tanzania, na aina za mpunga zinazolimwa huku hazikuwa na kinga ya kulizuia.

Jibu lilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la eLife. Kundi la watafiti kutoka nchi kadhaa lilichukua Komboka, aina ya mpunga inayolimwa Kenya na Tanzania, likaihariri jeni zake, na mimea iliyopatikana ikawahimili bakteria wa Asia na wa Afrika kwa pamoja. Habari za namna hii huandikwa kana kwamba shujaa ni CRISPR, mbinu ya kukata DNA iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mimi nasema sehemu ngumu zaidi ya kazi ilikuwa kujua mahali pa kukata, na hilo liligharimu miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuugusa mpunga wa Komboka.

Tuanze na bakteria mwenyewe. Makazi yake ni mishipa inayopandisha maji ndani ya jani, mahali penye maji tele na chakula kidogo. Ili ashibe, anaichoma seli ya mpunga kwa kitu mfano wa sindano na kuingiza protini zinazoitwa TAL. Protini hizo huenda hadi kwenye kiini cha seli, zikatafuta mfuatano maalumu wa herufi za DNA mbele ya jeni fulani, zikajibandika hapo na kuiwasha jeni ambayo mpunga haukukusudia kuiwasha. Eneo hilo la mbele ya jeni, linaloamua jeni iwake wapi na lini, huitwa promota. Mwaka 2009 wanasayansi walifumbua jinsi TAL inavyosoma: protini hiyo imejengwa kwa vipande vinavyojirudia, na kila kipande hutambua herufi moja ya DNA. Tangu hapo, ukipewa TAL ya bakteria, unaweza kukisia inakwenda kujibandika wapi.

Na jeni zinazowashwa ni zipi? Ni za jamii ya SWEET. Protini zake ni njia za kutolea sukari nje ya seli, jambo lililobainishwa mwaka 2010 na maabara ya Wolf Frommer. Miaka minne kabla ya hapo, Bing Yang na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba moja ya jeni hizo ndiyo inayoufanya mpunga uugue, ingawa kazi yake ya sukari ilikuwa bado haijafahamika. Picha ikakamilika: bakteria ana ufunguo, promota ya SWEET ni kufuli, na kufuli ikifunguka sukari humwagika kwenye mshipa naye akala na kuzaana.

Mtu angeshawishika kusema, basi ing'oeni jeni yote ya SWEET. Hapo ndipo kazi ingeharibika. Mpunga unazihitaji jeni hizo. Ile inayoitwa SWEET11, kwa mfano, inahusika na chavua na kujaza punje, na mkulima hana haja na mpunga wenye afya njema na masuke matupu. Dawa ni kuiacha jeni ilivyo na kubadilisha herufi chache za promota pale ufunguo unapoingia. Mpunga unaendelea kuiwasha jeni kwa wakati wake, lakini bakteria anabaki nje. Wazo hili halikuzuliwa maabara. Baadhi ya mipunga ya Asia ilishapata mabadiliko ya aina hiyo kwa njia za asili, na wazalishaji wa mbegu walikuwa wakiitumia kinga yake, inayojulikana kama xa13, kabla ya kuelewa inatoka wapi.

Bakteria wa Afrika wanaojulikana hulenga promota moja tu, ya SWEET14. Wa Asia hulenga tatu, za SWEET11, SWEET13 na SWEET14, na wale wa Dakawa walikuja na ufunguo wa SWEET11. Kwa hiyo kuhariri sehemu moja kusingetosha. Watafiti waliamua kubadilisha sehemu zote zinazojulikana katika promota zote tatu kwa mpigo mmoja, na hapo wakakutana na kikwazo cha kiufundi. Cas9, kimeng'enya maarufu cha CRISPR, hakikati popote unapotaka: lazima kando ya shabaha pawe na herufi mbili za G zilizofuatana. Sehemu nyingine hazina G mahali panapofaa, ila zina T nyingi. Wakachanganya Cas9 na kimeng'enya kingine, Cpf1, ambacho chenyewe hutafuta mlolongo wa T. Tofauti nyingine ikawafaa pia: Cas9 kwa kawaida huacha mabadiliko ya herufi moja au chache, ilhali Cpf1 huelekea kuondoa kipande kikubwa zaidi, na kadiri kufuli inavyopoteza umbo ndivyo ufunguo wa zamani unavyozidi kushindwa.

DNA ya kutengenezea vimeng'enya hivyo huingizwa kwa msaada wa bakteria mwingine, Agrobacterium, katika seli za viinitete vya mpunga, kisha seli hizo huoteshwa maabara mpaka ziwe mimea kamili. Kwa kuwa mpunga hujichavusha wenyewe, katika kizazi kinachofuata watafiti wanaweza kuchagua mimea iliyorithi mabadiliko kwa pande zote mbili, baba na mama, lakini haikurithi DNA ya vimeng'enya. Mmea wa namna hiyo haujaongezewa jeni ya kiumbe kingine. Umepungukiwa au umeongezewa herufi chache, basi.

Kipimo cha kinga ya mimea hiyo hakina makuu. Mkasi huchovywa kwenye maji yenye bakteria, ncha ya jani hukatwa, na baada ya wiki mbili hivi mtu hupima kwa rula ugonjwa umeteremka kiasi gani.

Kisheria, majirani wawili wanaolima Komboka hawajasimama mahali pamoja. Mwaka 2022 Kenya ilitoa mwongozo unaoruhusu mazao yaliyohaririwa yasiyo na DNA ngeni kushughulikiwa kama mazao ya kawaida baada ya kila moja kuchunguzwa. Tanzania, kwa upande wake, ilisimamisha mwaka 2018 majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni huko Makutupora, Dodoma. Mahindi yale yaliongezewa jeni ngeni, kwa hiyo si kesi moja na Komboka, na ingefaa watunga sheria wazitenganishe kabla ya kuamua lolote.

Bakteria nao hawajakaa bure. Majaribio ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba jeni nyingine za SWEET, ambazo bakteria wa mashambani hawajaonekana wakizitumia, nazo zinaweza kuwalisha zikiwashwa kwa TAL iliyotengenezwa maabara. Atakayechonga ufunguo wa mojawapo atapita. Ndiyo maana kikundi hichohicho cha utafiti wa Komboka kilitengeneza pia mimea maalumu ya uchunguzi, ambayo tishu zake hugeuka buluu pale jeni fulani ya SWEET inapowashwa. Ukipata bakteria mpya shambani, unamwingiza kwenye mimea hiyo, na ule utakaobadilika rangi ndio unaokuonyesha promota inayofuata kuhaririwa.