Pengo Lililosukwa: Umbo la Insha ya Kuombea MBA

Ni matini chache fupi zinazoandikwa kwa jasho jingi na kusomwa na watu wachache kama insha ya kuombea nafasi katika shule ya biashara. Nasi wahakiki tumeipuuza, tukaiweka kwenye jalada moja na fomu na vyeti. Lakini mtu akiisoma kwa subira ileile anayoipa hadithi fupi, akauliza nani anasema, anaanzia wapi na nini kimefichwa, atakutana na utanzu wenye masharti makali. Nitajikita katika umbo lake mashuhuri kuliko yote, lile la Stanford, ambako kwa miaka mingi waombaji wameulizwa swali lilelile: ni jambo gani lina uzito kuliko yote kwako, na kwa nini? Baada yake huja swali la pili, kavu zaidi: kwa nini Stanford? Mwongozo wa miaka ya karibuni unaipa insha ya kwanza maneno 650 na ya pili 350.

Swali la kwanza halitaji biashara hata kidogo, na kutotaja huko ndiko kunakoliumba. Shule hupokea maombi zaidi ya 6,000 kwa mwaka kwa nafasi zisizofika 450, na ofisa udahili anapoifungua insha ana pia wasifukazi wa mwombaji, alama za mtihani na barua za wadhamini. Matukio makubwa anayajua tayari. Kwa hiyo nafsineni ya insha haiwezi kuwa ileile ya wasifukazi: haina budi kuzungumza kutoka mahali ambapo vyeo na tarehe havifiki, ilhali isikane lolote lililoandikwa huko.

Tuchukue mfano, niliojitungia kwa ajili ya uchambuzi huu. Mwombaji ni ofisa mikopo wa benki, mzaliwa wa Mwanza. Rasimu yake ya kwanza inaanza hivi: “Tangu utotoni nimekuwa na ari ya kuwawezesha wanawake wajasiriamali.” Rasimu ya tatu inaanza hivi: “Mama aliuza dagaa kwa mkopo katika soko la Mwaloni, na daftari la madeni nililiandika mimi. Kila Jumamosi, kabla sijaenda kudai, alinitajia majina ya kuruka.”

Sentensi ya rasimu ya kwanza haina tukio. “Tangu” na “nimekuwa” zinaukunja umri mzima kuwa hali moja isiyo na asubuhi wala jioni, na nomino “ari” inabeba kazi iliyopaswa kufanywa na kitenzi. Zaidi ya hayo, haiwezi kukanushwa, na kauli isiyoweza kukanushwa haimpi msomaji sababu ya kuisadiki. Rasimu ya tatu, kwa maneno yasiyozidi ishirini na tano, inatupa watu wawili, soko, daftari na desturi ya kila juma. Mtoto anasogezwa mwisho wa sentensi yake, baada ya daftari, mahali panapomfaa mwandishi wa madeni ya mtu mwingine. Insha halisi huandikwa kwa Kiingereza, na mpangilio huo ungepotea njiani. Usingepotea uteuzi wa vitu.

Uzito wote, hata hivyo, uko katika kitenzi “kuruka”. Majina gani? Yanarukwa kwa sababu gani? Msomaji ameshaanza kuuliza “kwa nini” kabla hajafikishwa kwenye nusu ya pili ya swali la shule, na hiyo ndiyo tekniki kuu ya insha nzima: swali la mtahini linahamishwa, kwa nguvu ya msuko, hadi kinywani mwa mtahini mwenyewe. Wakati huo thamani inayodaiwa kuwa na uzito kuliko yote bado haijatajwa. Itajwe lini? Ikitajwa mwanzoni, hadithi inageuka kielelezo cha hoja iliyokwisha kutolewa. Isipotajwa kabisa, insha ni kitendawili, na ofisa udahili hakuja kutegua vitendawili. Kwa maoni yangu mahali pake ni katikati, pale wakati wa hadithi unaporuka: “Miaka kumi na tano baadaye, benki ilinipa fomu ya kupima wakopaji. Kwa fomu ile, kila mtu ambaye mama alimruka angekataliwa. Lakini daftari lilionyesha kwamba wote walilipa, isipokuwa mmoja.”

“Wote walilipa” peke yake lingekuwa tangazo la biashara. Yule mmoja asiyelipa ndiye anayeikomboa aya. Anaonyesha kwamba msimulizi amehesabu, kwamba hampambi mama yake, na kwamba wema unaozungumzwa una gharama inayojulikana.

Hapo ndipo tunapofikia ugumu wa pekee wa utanzu huu. Hadithi ya kawaida ina haki ya kupata suluhu, lakini hii haina. Mwombaji aliyekwisha kulitatua tatizo lake hana haja ya shule; aliye mbali nalo mno hana anachokuja nacho. Msuko ni lazima ukatike mahali mahususi, na kilele kiangukie nje ya matini, katika miaka miwili ya masomo ambayo mwombaji bado hajaiishi. Nitaliita umbo hili msuko-pengo. Insha ya kwanza inaishia kwenye kile anachokijua ofisa wetu: uamuzi wa mama yake ulikuwa na akili. Ya pili inaanzia kwenye kile asichokiweza: kuugeuza uamuzi wa mwanamke mmoja, anayejua nani kafiwa na mtoto wa nani amepata mtumbwi, kuwa kanuni ambayo benki yenye matawi mengi inaweza kuitumia bila kuiua. Pengo hilo lina kingo. Mwombaji dhaifu huandika kwamba anataka “kupanua upeo”, yaani pengo lisilo na kingo ambalo shule yoyote duniani ingelijaza, kisha huongeza majina ya maprofesa aliyoyaokota kwenye tovuti, kana kwamba wingi wa majina ni sababu.

Kiswahili kina tajiri aliyejisimulia muda mrefu kabla ya shule hizi kuuliza chochote. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyaandika maisha yake kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Anaanza akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika safari za karibu, na kusonga mbele kwa safari, bidhaa, mikopo na mapigano. “Kwa nini” haulizwi. Nia imeachiwa vitendo, na watumwa wanapita katika sentensi zake kama shehena, bila nathari kutikisika. Ukimya huo ni ufundi wake na ni hatia yake pia. Insha ya MBA inadai kinyume chake, maelezo ya moyoni, na mara nyingi inayapata kwa wingi unaochosha. Mwombaji anaweza kujifunza kwa mzee huyo jambo moja tu, kutaja kiasi na bei.

Waombaji wa kwetu wana kishawishi kingine: kulipa kwa dhiki. Njaa, msiba na mwendo mrefu wa miguu kwenda shule vinapangwa mstari kama amana. Sipingi ukweli wake, napinga nafasi yake katika umbo. Dhiki humpata mtu, ilhali swali linauliza alichochagua. Katika mfano wetu umaskini umo mandharini, kwenye dagaa na mkopo, na hakuna kitenzi hata kimoja kilichopewa kazi ya kuutangaza.

Mwaka 2024 Harvard iliachana na swali lake moja la wazi, lenye nafasi ya maneno 900, ikaweka maswali matatu mafupi: la biashara lina maneno 300, la uongozi 250, la udadisi na ukuaji 250. Kiutawala inaeleweka, kwa kuwa vipande hulinganishika kwa wepesi. Kiumbo, msuko-pengo hauna tena pa kunyooka. Umoja unabaki kutafutwa kwa kurudiarudia kitu kimoja katika vipande vitatu, mbinu inayohitaji mkono wa mshairi kuliko wa msimulizi. Swali la zamani lilizaa insha mbovu nyingi, nakubali, lakini liliacha mlango kwa ile bora. Ofisa wetu wa Mwanza angeweza kuliingiza daftari katika kipande cha uongozi, likatosha. Ila angepitisha maneno kumi hivi, na katika kuyapunguza, ya kwanza kukatwa yangekuwa “isipokuwa mmoja”.