Makapi Katika Kibaba: Juu ya Utungaji wa Mashairi na Hadithi

Tuseme neno juu ya kazi ambayo wengi wetu twaipenda, nayo ni kutunga. Hapana kijiji tukijuacho kisichokuwa na kijana mwenye daftari la mashairi chini ya mto wake, na sisi walimu ndio tuletewao madaftari hayo jioni ili tuyapime. Katika kuyapima tumeona kosa moja, na kosa hilo, tusifiche, sisi wenyewe tumelifundisha.

Sheria za shairi zajulikana. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande huu, pamoja na kina cha katikati na kina cha mwisho. Mshororo wa nne ndio kituo, ambao mara nyingi hurudiwa katika kila ubeti. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza hufanana kwa kina, na cha nne huchukua kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho wa utenzi wote. Mizani ni silabi, na hapo mgeni wa lugha hukosea, kwa maana neno "mtu" lina mizani mbili, na "mbuzi" nalo lina mbili. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria hizi katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1954, na atakaye kuzijua zote na akisome. Mtoto mwenye akili huweza kuzishika kwa majuma mawili.

Shida yaanza baada ya majuma mawili hayo. Kijana amekwisha kujua kuhesabu kwa vidole. Ana neno la kusema, lakini neno lake lina mizani nne, naye ataka nane. Afanyeje? Atia "nakwambia", au "kwa hakika", au "si utani", na kibaba kimejaa. Lakini mnunuzi mwerevu wa mtama huingiza mkono ndani ya kibaba kabla ya kulipa, aone kama chini mna mtama au mna makapi.

Mwaka mmoja mvulana wa darasa letu alifiwa na mama yake. Matanga yalipokwisha alituletea shairi la beti sita, nalo lilianza hivi:

Ewe mama mama ewe, mama yangu wa thamani,
Umeondoka mwenyewe, kwenda huko si utani.

Tulihesabu, tukaona mizani imetimia na vina vimekaa mahali pake. Tukaandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu, na siku ya kufunga shule tukamsimamisha alisome mbele ya wazee. Watu wakapiga makofi. Mjomba wake hakupiga. Baadaye alitujia chini ya mwembe, tukamwamkia, naye akasema kwa upole, "Mwalimu, shairi tumelisikia. Lakini huyo mama aliyesomwa ni mama wa nani? Dada yangu mimi simwoni humo."

Hatukuwa na jibu. Marehemu alikuwa mfinyanzi, na kijiji kizima kilipikia vyungu vyake. Katika beti zile sita hapakuwa na chungu hata kimoja. Palikuwa na thamani, na dunia mapito, na machozi kama mvua, maneno yaliyokwisha kusemwa katika mazishi mia, ambayo kila marehemu aweza kuyavaa wala yasimkae. Kijana hakusema uongo. Huzuni yake ilikuwa ya kweli. Sisi ndio tuliomzoeza kutafuta neno lenye kina kabla ya kutafuta jambo aliloliona.

Na tumtazame mtu aliyeijua kazi hii. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1858, naye akafariki mwaka 1860. Alikuwa na binti, akataka kumwachia wasia. Mna mawaidha mengi katika utenzi ule, na mengine msomaji wa leo, hasa aliye mwanamke, atayakataa, wala hatumlaumu. Lakini angalieni jinsi uanzavyo. Mama amwita mwanawe asogee. Asema kwamba ugonjwa umemshika mwaka mzima. Amwambia aje aketi, na wino na karatasi. Mara tumo chumbani pamoja nao! Kabla hatujaonywa lolote, tumekwisha kujua nani asema na nani asikia, na kwamba siku zilizobaki si nyingi. Mizani ni zile zile nane ambazo wanafunzi wetu huzilalamikia, lakini hapana kidole kionekanacho kikihesabu.

Wala mizani hazikuwekwa ili kumtesa mtoto wa shule. Tenzi na mashairi yalikuwa ya kuimbwa, na sauti yataka mahali pa kupumzikia. Mwimbaji ajua pumzi yake itafika wapi. Mtungaji atiaye makapi ampotezea mwenziwe pumzi hiyo, amfanya aimbe "si utani" kwa sauti nzuri.

Katika hadithi hapana mizani, walakini makapi yamo, ila yana sura nyingine. Twaletewa hadithi ambazo mstari wa kwanza wasema palikuwa na kijana mvivu asiyesikia la mkuu. Basi! Tumekwisha kujua kwamba atavunjika guu, na pengine hata ukurasa atakaovunjikia twaukisia. Mtungaji amemhukumu mtu wake kabla hajampa nafasi ya kutembea. Nabii Nathani, alipotumwa kwa mfalme Daudi kwa ajili ya mke wa Uria, hakufanya hivyo. Alianza na kondoo mdogo wa maskini, aliyekula chakula cha bwana wake na kulala kifuani pake. Hilo la kulala kifuani tuliangalie sana. Kwa hukumu halina kazi, kwa maana kondoo aliyeporwa ameporwa, hata kama alilala zizini. Lakini kama lisingalikuwamo, labda Daudi asingalikasirika, na bila hasira ile asingalijihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Marehemu Shaaban Robert naye alipenda kuonya, na tukithubutu kusema juu ya mkubwa wetu, mara nyingine alionya kupita kiasi. Hata majina ya watu wake yatuambia mapema nani mwema na nani mbaya. Walakini katika Adili na Nduguze, kilichopigwa chapa mwaka 1952, alijua kuficha. Twaonyeshwa mtu mwema apigaye manyani wawili kwa mjeledi usiku, kabla hatujaambiwa sababu. Mtu mwema apigaje hivyo? Ni swali hilo litufunulishalo ukurasa, na jibu lake, kwamba manyani wale ni ndugu zake, laja kwa wakati wake.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuziacha sheria kabisa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, chenye mashairi yasiyofuata vina na mizani za kale, ugomvi ulikuwa mkubwa. Sisi tumeona makapi katika mashairi ya namna hiyo pia, na huko ni vigumu zaidi kuyatambua, kwa kuwa hapana kibaba cha kuingiza mkono.

Turudi kwa yule mvulana. Tulimwita, wala hatukumtajia habari ya vina. Tulimwuliza tu, mama yako alipomaliza kazi, jioni, ulimwona vipi? Alinyamaza kitambo, kisha akashika kiwiko chake. Juma la pili alileta beti mbili tu, na wa kwanza ulianza hivi:

Udongo wa kiwikoni, haukuisha kutoka,
Chungu kipo kivulini, kibichi kimekauka.

Mwenye kuujua ufinyanzi ajua kwamba chungu huachwa kivulini kikauke polepole kabla ya kuchomwa. Hicho cha mwisho hakikupata mtu wa kukitia motoni. Kijana hakueleza, nasi hatukumtaka aeleze.

Mshororo wa nne ulizidi mizani moja. Tulishika kalamu nyekundu, tukahesabu tena kwa vidole, tukaona kweli imezidi. Iliyozidi ilikuwa katika jina la mama yake. Tukaifunika kalamu, tukampelekea mjomba lile daftari. Hata leo hajalirudisha.