Chumba na Mji: Chicago katika Kazi za Gwendolyn Brooks

Wahakiki wengi wa fasihi ya Wamarekani Weusi wamezoea kuzigawa kazi za Gwendolyn Brooks (1917–2000) katika vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, husemwa, alikuwa mshairi wa mambo ya nyumbani. Katika cha pili alikuwa mshairi wa siasa, aliyezinduliwa na mkutano wa waandishi weusi katika Chuo Kikuu cha Fisk mwaka 1967. Mwenyewe alikiri kwamba mkutano huo ulimgeuza. Hata hivyo, mgawanyo huu una kasoro: unachukulia kwamba jikoni si mahali pa siasa.

Brooks alipelekwa Chicago akiwa mtoto mchanga, akakulia upande wa kusini wa mji. Weusi walibanwa huko na mikataba iliyowakataza wenye nyumba kwingineko kuwauzia au kuwapangisha. Ni mwaka 1948 tu ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mikataba hiyo isitekelezwe na mahakama. Kutokana na msongamano huo, majengo yaligawanywa vyumba vidogo vidogo, na familia nyingi zikatumia bafu moja.

Hayo ndiyo mazingira ya diwani yake ya kwanza, A Street in Bronzeville (1945). Katika shairi lake kuhusu jengo la namna hiyo, ndoto inashindana na harufu ya vitunguu na takataka za jana. Kisha wazo lenyewe linakatizwa, maana bafu limeachwa wazi na maji ya uvuguvugu hayangoji. Asiyejua chanzo cha foleni hiyo ataliita shairi la nyumbani. Anayekijua ataona kwamba ubaguzi wa mji umepenya hadi ndani ya ndoto.

Vivyo hivyo katika riwaya fupi ya Maud Martha (1953). Baba Krismasi wa dukani anawachangamkia watoto weupe na kumpuuza binti wa mhusika mkuu. Mama anameza hasira yake, anamtungia mtoto maelezo ya kumtuliza. Hakuna aliyepigwa, jeraha lipo.

Lorraine Hansberry, mzaliwa wa mji huohuo, aliionyesha hali hiyo katika tamthilia ya A Raisin in the Sun (1959). Lakini familia yake inaondoka kwenda mtaa wa wazungu. Brooks anabaki na wanaobaki.

In the Mecca (1968) inathibitisha hoja hii. Jumba la Mecca, lililojengwa mwaka 1892, lilibomolewa mwaka 1952. Bi. Sallie anarudi kutoka kazini, anamkosa mwanawe Pepita, anabisha mlango hadi mlango. Kila jirani ameshughulika na yake. Maiti ya mtoto inakutwa chini ya kitanda cha mmoja wao. Brooks haisitiri jamii yake: dhuluma ya wazungu haifuti ubaridi wa jirani.

Kilichobadilika baada ya 1967 ni fani na hadhira: mishororo ililegezwa, na vitabu vyake vikahamia kwa wachapishaji weusi, kama Broadside Press ya Detroit. Dhamira haikubadilika. Mhakiki anayeisaka siasa jukwaani pekee ataupita mlango wa chumba ambamo ilikuwa ikiishi tangu 1945.